Damu Aliyoitoa Sele

Mapenzi nayajua mimi. Kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, Ngamiani nzima, hakuna mtu wa kunifundisha habari za mapenzi, maana nimeolewa mara tatu. Mara zote tatu nimeachwa, na yule wa tatu alisahau hata kuniambia, nilisikia kwa muuza maziwa. Basi tuseme ninachokijua vizuri ni mwisho wake. Na mapenzi haya ninayowasimulia mwisho wake ni mtamu, mradi wewe usiwe Sele.

Sele ni fundi baiskeli. Kijiwe chake kiko barabara ya kumi na mbili, mahali ambapo asubuhi huwezi kusimama bila kusukumwa na mkokoteni wa nazi au kupigiwa kengele na muuza samaki. Kijana mrefu, meno meupe, mikono myeusi kwa grisi. Na ulimi! Sele angeweza kumuuzia samaki taulo.

Jumatatu moja, soko likiwa limechachamaa, akatokea msichana anakokota baiskeli ya kike yenye kikapu mbele. Dera la zambarau, ushungi mweupe, na mkononi kifuko cha barafu anaitafuna kru, kru, kru, kama mtu anavyotafuna karanga.

"Fundi, baiskeli yangu imekuwa nzito."

"Nzito vipi, dada?"

"Nzito tu. Natoka nayo Makorora, hata nusu ya njia sijafika, nahema kama nimebeba kabati."

Sele akaitazama baiskeli mara moja na mwenye baiskeli mara sita.

"Gololi," akasema, hali hajaigusa. "Gololi zimelika."

Hazikuwa zimelika. Uongo ule ulimtoka kama jasho linavyomtoka mtu, bila yeye kuusikia. Akamwekea mpya, akapaka grisi, akamuuliza jina. Asmahani. Kazi yake fundi cherehani, anashona magauni kwenye duka la barabara ya tisa.

Jumatano Asmahani akarudi. "Bado nzito." Sele akasema mnyororo. Jumamosi akarudi tena, na safari hii Sele akaona aibu kidogo, akaipanda baiskeli mwenyewe mpaka sokoni na kurudi. Ilikwenda kama imetumwa. Aliporudi akamkuta msichana ameegemea ukuta, amefumba macho, midomo imepauka kama chapati iliyotolewa mapema. Akakishika kiganja chake. Cheupe kama karatasi.

"Baiskeli haina ugonjwa," akasema Sele.

"Sasa nani mwenye ugonjwa?"

"Wewe."

Asmahani akafumbua jicho moja. "Unanitongoza au unanitukana?"

"Nimeanza na moja. Hilo jingine linakuja."

Likaja. Wiki mbili hazikuisha, kila saa saba mchana, duka likipoa, simu inalia.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula barafu."

"Barafu si chakula, Asmahani."

"Na wewe si daktari."

"Mimi fundi."

"Fundi wa gololi!" Na kicheko chake kinakatika katikati, kwa sababu pumzi haikutosha kukimaliza.

Kule kuhema kulikuwa na sababu, na sababu hiyo wanawake wengi wanaijua na wachache wanaisema. Kila mwezi siku zake zilimjia kwa wingi, siku nane, siku tisa, anabadilisha nguo kama anayehama nyumba. Zahanati walimpa vidonge vya fefo vya kuongeza damu, vikamchafua tumbo, akaviacha kwenye droo ya cherehani.

Siku moja wamekaa kwenye benchi la kijiwe, Asmahani akamwambia Sele jambo ambalo hajapata kumwambia mwanamume mwingine.

"Baba yangu alikuwa akituambia anafanya kazi hotelini Ushongo. Kila mwezi wiki mbili Ushongo. Miaka kumi na moja, Sele. Kumbe Ushongo ana mke na watoto wanne, na hotelini hawamjui hata kwa sura. Mama alipojua hakulia. Aliosha vyombo vyote ndani ya nyumba, hata visafi. Kwa hiyo mimi masharti yangu si mengi. Usiwe na kitu, nitakupenda hivyo hivyo. Uwe na wivu, nitakuvumilia. Lakini uniongopee, hata iwe bei ya nyanya, tumeachana."

"Mimi?" Sele akaweka mkono wa grisi kifuani. "Uongo mimi siujui kabisa. Ningeujua si ningekuwa tajiri?"

Akaamini. Mwanamke akipenda masikio yake yanakwenda likizo. Nazungumza kama mzoefu.

Mwezi uliofuata Asmahani akaanguka juu ya cherehani, na gauni la harusi la watu likiwa bado chini ya sindano. Wakamkimbiza hospitali. Walipompima, damu ilikuwa sita. Mama yake, Bi Zuwena, akaambiwa atafute ndugu wawe tayari, huenda akahitaji kuongezewa. Bi Zuwena simu yake ya kwanza ilikwenda kwa Sele.

"Mwanangu, mwenzako anakufa! Wanataka watu wa kutoa damu!"

"Nakuja, mama! Waambie wasitafute mwingine!"

Akaja mbio, na baiskeli ya mteja. Akafika mpaka mlango wa chumba cha kutolea damu, na mpaka mlangoni alikuwa mwanamume kweli. Ndani akamwona mtu amelala, mpira umetoka mkononi, mwekundu, unaingia kwenye mfuko unaopanda na kushuka wenyewe. Kisha akaiona sindano.

Alipojitambua alikuwa nje ya geti la nyuma, anakula mihogo ya kukaanga na pilipili. Akala sahani nzima. Akamaliza, akanawa, akaona aibu. Badala ya kurudi kule mlangoni akaingia duka la dawa, akanunua pamba na plasta, akajibandika penye kiwiko.

Bi Zuwena alikuwa nje ya wodi analia. Akaiona plasta.

"Umetoa, baba?"

Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, herufi sita. Sele akasema, "Chupa mbili."

Hakuna hospitali inayomkamua mtu chupa mbili kwa mkupuo, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa haulizi maswali. Alimbusu Sele mikono yote miwili, ule wa plasta na ule uliokuwa bado unanuka mihogo.

Wakamruhusu kuingia. Asmahani amelala, kanga mpaka kifuani, na juu yake mfuko wa dripu unadondosha kitu cheusi cheusi, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Sele akaukodolea macho mfuko ule, akashusha sauti:

"Hiyo inaingia, kipenzi. Damu yangu."

Asmahani akautazama mfuko. Akamtazama Sele.

Nami siwezi kukaa na siri, nina umri wa kufa nayo. Ile haikuwa damu. Wakati Sele yuko kwenye mihogo, daktari alipita akaona mgonjwa anapumua vizuri, moyo umetulia, akasema hana haja ya damu ya mtu. Nesi Leticia ndiye aliyetundika mfuko, akamweleza Asmahani polepole kama anavyoelezwa mtu mzima:

"Hii si damu, mdogo wangu. Ni madini ya chuma, tunayapitisha kwenye mshipa maana vidonge vilikushinda. Damu mwili wako unajua kuitengeneza, umekosa chuma tu. Ukisikia kifua kinabana au mwili unawasha, niite hapo hapo. Wiki ijayo unarudi tukumalizie, na siku zako hizo nyingi tuziangalie."

Kwa hiyo Asmahani alipoambiwa "damu yangu", alijua. Alijua palepale, na plasta ya Sele bado mpya. Alilia, na Sele akamfuta machozi akidhani ni ya shukrani.

Mtu mmoja tu aliambiwa. Shangazi yake, Bi Mwamvua, mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kuuza machungwa ingawa hajapata kuuza.

"Mwambie sasa hivi kuwa unajua, umalizane naye!"

"Hapana, shangazi. Nampenda. Nataka aseme mwenyewe. Nampa nafasi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya posa."

Bi Mwamvua akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Maskini Sele," akasema, wala hakuwa anamhurumia.

Basi Sele akaanza kuishi kama mfalme. Bi Zuwena akawa anamletea maini kijiweni kila siku mbili, na matembele, na jagi la juisi ya rozela, ili damu aliyoitoa irudi. Maini yale yalikuwa ya mgonjwa. Mgonjwa alikaa nyumbani Makorora na sahani ya mboga, anaangalia bakuli la maini likifunikwa kawa na kupelekwa barabara ya kumi na mbili. Sele akanenepa mashavu. Mtaa ukampa jina, Bwana Chupa Mbili, naye akaitika.

Na saa saba mchana simu inalia.

"Nambie, mpenzi wangu. Ilikuuma?"

"Kidogo. Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Sindano yake kubwa?"

"Kama msumari wa bati."

"Masikini! Na ulikuwa umelala au umekaa?"

Sele akasita. "Nili... nilisimama."

"Ulisimama!"

"Kwa ajili yako, roho, hata kukaa sikutaka."

Upande wa pili kukawa kimya kirefu. Sele akadhani ni mapenzi. Asmahani alikuwa ameuma ushungi asicheke, halafu kicheko chenyewe kikageuka kitu kingine, akakata simu.

Siku nyingine akamwambia, "Sele, tangu damu yako iniingie, nimekuwa mwongo. Jana nimemwambia mteja gauni lake tayari, hata sijalikata."

"Damu haina mambo hayo, mpenzi."

"Sijui. Yangu ya zamani haikuwa hivi."

Sele alisikia kitu kikimchoma ubavuni, akala ini moja kubwa, kikapotea.

Kisha akaja Edgar, mpangaji wa nyumba ya jirani na kijiwe. Mkewe Consolata amejifungua, damu haikatiki. "Sele, kaka yangu, wewe damu yako inajulikana. Twende." Sele akashika spoku moja akaizungusha, akaizungusha. "Daktari kanikataza, Edgar. Nilitoa nyingi mno." Edgar hakubishana. Alikwenda kutoa yake, na wanakwaya wawili wa kanisani kwao wakatoa zao, Consolata akapona. Habari zikafika barabara ya tisa kabla ya adhuhuri, na siku hiyo Asmahani hakusubiri saa saba.

"Sele. Siku ile hospitali, ulitoa damu kweli?"

Aliuliza waziwazi, kwa sauti ndogo. Mlango alikuwa ameuacha wazi, mtu alitakiwa kuingia tu.

Sele akaja juu. "Unanihoji kama polisi! Nimekupa damu yangu, mama yako shahidi, mtaa mzima shahidi, leo unanisimanga? Basi irudishe!"

Akakata. Siku kumi na nne simu haikulia. Sele alipungua mwili licha ya maini yote. Aliziba mipira isiyotoboka, alikaza boliti zilizokazwa, na kila kengele ya baiskeli ikilia anainua kichwa. Nisije nikamwonea: alimpenda. Angemwambia ukweli siku yoyote, kama ukweli ungekuwa unamsifu.

Siku ya kumi na tano kengele ikalia, na kabla hajainua kichwa dera la kijani likapita mbele yake kama upepo. Asmahani! Amesimama juu ya pedeli, kikapu kimejaa vitambaa, anawapita vijana wa kiume. Alikuwa amemaliza dozi ya pili, damu imefika kumi na moja, na barafu haitamani tena. Sele akarukia baiskeli ya mteja, nyingine. Alimfukuza mpaka karibu na reli, na hakumpata, ni yeye aliyesimama akamngoja.

"Baiskeli imekuwa nyepesi," Asmahani akasema. Midomo ina rangi, viganja vina rangi, hata hasira yake ilikuwa na rangi.

"Nisamehe kwa yale maneno ya simu."

"Nimeyasamehe. Sele, una neno lolote la kuniambia?"

Neno lilikuwepo. Lilipanda kutoka tumboni, likafika kooni, likagusa meno. Sele akamfikiria Bi Zuwena akimbusu mikono. Akaifikiria barabara ya kumi na mbili. Akameza.

"Nataka kukuoa."

Asmahani akacheka na machozi yanamtoka. "Hilo nalo ni neno. Lete watu Alhamisi, baada ya alasiri."

Alhamisi nyumba ya Makorora ikafukizwa udi mpaka paka akatoka. Wakaja wazee wawili wa upande wa Sele, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Shehe, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Mposaji mwenyewe hakai kikaoni, kwa hiyo Sele alisimama nje kwenye kona na rafiki yake Mwinyijuma, fundi mwenzake, jitu refu lenye kusema ndiyo kwa kila kitu. Asmahani yuko chumbani, nyuma ya pazia, hina mpaka vifundoni.

Kahawa ikanyweka, halwa ikalika. Mzee Shehe akatoa barua. Bi Mwamvua akaweka kiganja juu yake kabla haijafunguliwa.

"Shemeji, kabla hatujasoma. Huyu kijana si alimpa binti yetu damu?"

"Chupa mbili," akasema Mzee Shehe kwa fahari.

"Basi ndoa haipo."

Bi Zuwena akadondosha kikombe.

"Sisi kwetu Bondei," Bi Mwamvua akaendelea, "watu wakichanjiana damu ni ndugu. Mababu zetu walichanja tone moja tu kifuani, wakala ini pamoja, na kuanzia siku hiyo kuoana mwiko. Hawa si tone. Hawa chupa mbili! Na ini kala, nimeyaona mabakuli. Sele ni kaka yake Asmahani."

"Lakini dini haisemi hivyo," Mzee Shehe akapinga. "Kunyonya ziwa moja, sawa. Damu ya hospitali haina undugu."

"Dini ya Mungu, na Mungu ni msamehevu. Mila ni ya bibi yangu, naye hakuwa msamehevu hata kidogo. Mwiteni Sele."

Sele akaitwa, Mwinyijuma akaingia naye. "Shikamooni," wakasema. Hakuna aliyesema marahaba. Alipoelezwa, Sele akaona pazia la chumbani likitikisika, akamwona Asmahani anampotea mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza maishani ukweli ukawa na faida.

"Mimi sikutoa damu!"

Nyuma ya pazia Asmahani alisimama wima. Mkono umeshika pazia, moyo unampiga, tabasamu limeanza upande mmoja. Amesema. Mbele ya watu wote, amesema! Pale pale angenyamaza, ndugu zangu, angeoa.

"Alitoa Mwinyijuma," Sele akasema. "Mimi nilikuwa na malaria, wakanikataa. Nikamwita huyu. Si ndiyo, Mwinyijuma?"

Mwinyijuma alikuwa na sambusa mdomoni. "Ndiyo," akasema.

Pazia likafunguka. Asmahani akatoka na kadi yake ya hospitali, uso mkavu kama kigae.

"Kaka Mwinyijuma. Kumbe ndugu yangu ni wewe. Ulitoa mkono gani?"

"Wa kulia," akasema Mwinyijuma.

"Wa kushoto," akasema Sele, katika pumzi ileile.

Asmahani hakuwauliza jingine. Aliichukua barua ya posa na kitambaa chake, haijafunguliwa, akamrudishia Mzee Shehe kwa mikono miwili, kwa adabu, na kadi akaiweka juu yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Nisomee hapo, kwa sauti."

Mzee Shehe akavaa miwani. "Amepewa... dripu ya madini ya chuma. Mara mbili, wiki moja kati. Kuongezewa damu..." Akasogeza kadi karibu na pua. "Kuongezewa damu, hakuna."

"Hakuna?" Bi Zuwena akauliza.

"Hakuna. Damu ya mtu haijamwingia huyu mtoto hata tone."

Bi Zuwena akamtazama Sele, kuanzia mashavu aliyoyanenepesha yeye mwenyewe mpaka viatu. Akaanza kukusanya vikombe kwenda kuviosha, hata vile ambavyo havijanywewa.

Mzee Shehe akavua miwani, akaikunja, akawageukia vijana wawili waliosimama mlangoni.

"Haya. Nani kati yenu mwongo?"

Sele akamnyooshea kidole Mwinyijuma, na Mwinyijuma akamnyooshea Sele.